Taa Isiyochoma Macho, Kiti Kisicho na Majivuno

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo twataka kulipima neno hili kwa vyombo viwili vya nyumbani vitumiwavyo kila siku na kufikiriwa mara chache: taa na kiti. Tutavitazama katika nchi ya Denmark, ambako mafundi wa karne ya 20 walivishughulikia kwa bidii kubwa.

Poul Henningsen, aliyezaliwa mwaka 1894, alikulia katika mwanga mpole wa taa za mafuta. Umeme ulipoenea, watu waliishangilia nguvu ya nuru mpya, lakini macho yao yaliumia. Yeye alitambua kwamba nuru nyingi si lazima iwe nuru njema. Mwaka 1926 alikuwa amekwisha kuunda taa ya vifuniko 3, kikubwa juu, cha kadiri katikati, kidogo chini, vilivyopangwa hata mtu aketiye mezani asiuone mng'aro wa balbu yenyewe. Vifuniko vya kioo hupulizwa kwa kinywa cha fundi. Ni vyeupe kama maziwa. Upande wa juu vyang'aa, upande wa chini vimekwaruzwa kwa mchanga ili nuru itawanyike. Mwanga mwingi hushuka mezani, na sehemu ndogo hupenya kiooni na kupunguza giza la chumba. Hata mwaka 1958, alipoona viwanda vikibadili umbo la balbu mara kwa mara, alitengeneza taa ya alumini iitwayo PH 5, ambayo humkinga mtu na mng'aro, balbu iwe ya namna gani.

Na viti je? Tangu mwaka 1942, Børge Mogensen aliongoza kazi ya kubuni samani katika chama cha ushirika FDB. Mwaka 1947 alitoa kiti J39, cha mbao na kamba za karatasi zilizosokotwa, wala hakina pambo. Kilikusudiwa familia za kawaida zenye nyumba ndogo na fedha chache. Naye rafiki yake Hans Wegner, mwana wa fundi wa viatu, mwaka 1949 alibuni kiti ambacho mgongo wake umeshikwa na ubao wenye umbo la herufi Y. Kikalio chake hutumia kamba ya mita 120 hivi, nayo husukwa kwa mikono kwa muda wa saa nzima. Kamba ikichakaa, husukwa nyingine, mbao zadumu.

Kumbe, jambo la ajabu limetokea. Leo viti na taa za kale za namna hii huuzwa minadani kwa bei kubwa, na vile vilivyokusudiwa watu wa kawaida vimekuwa fahari ya matajiri. Je, tusikitike? Tusisikitike mno. Anayenunua kiti cha kale amepata kiti. Anayeelewa sababu ya uzuri wake amepata zaidi, wala hakulipa kitu.

Basi, wazazi wapendwa, jioni ya leo keteni mahali mtoto anapofanyia kazi zake za shule, mkaitazame taa kwa macho yake. Mkiiona balbu uchi, mtoto naye anaiona kila usiku. Itafutieni kifuniko kisichoshika moto, au ihamisheni. Na mkienda kwa seremala, msianze kuuliza habari za rangi. Kigeuzeni kiti, mtazame miguu yake imeungwaje, kisha mwulize: kikivunjika, chaweza kutengenezwa? Seremala hodari atalifurahia swali hilo. Asiyetaka kulijibu, mwacheni akitembeze kiti chake kwingine.