Simu Skuli: Sheria Iwahusu na Walimu

Skuli za serikali hapa Unguja haziruhusu mwanafunzi kuingia na simu, nasi twaiunga mkono amri hiyo. Lakini Machi 2020 skuli zilipofungwa kwa sababu ya Corona, kaka na dada zenu walisomea redioni, kwenye televisheni na katika simu za wazee. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 navyo waligaiwa walimu wavifundishie. Basi tusiseme chombo chenyewe ni haramu.

Linalotukera ni mwalimu kukataza simu na huku yake inalia katikati ya darsa (hata sisi, mnatujua!). Tunapendekeza mwalimu naye aiache ofisini. Hapa chuoni tunaanza mwaka huu. Mkiisikia inalia, tukumbusheni.