Skauti Wapo, Tuwape Walezi

Katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Nyeri kuna jiwe lenye duara na nukta katikati. Skauti huisoma alama hiyo hivi: nimekwenda nyumbani. Hapo amelala Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, aliyeanza na wavulana 20 kambini katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907. Alimalizia uzee wake papo hapo Nyeri, katika nyumba ndogo aliyoiita Paxtu, akafariki tarehe 8 Januari 1941.

Uskauti wenyewe ulikuwa umeshatua Kenya tangu 1910. Wakoloni waliwatenga watoto kwa rangi hata humo, wakitarajia uwalee vijana watiifu. Waafrika waliuchukua wakaufanya wao, na leo ngazi zake zina majina yetu: sungura, chipukizi, mwamba, jasiri.

Mimi niliingia nikiwa chipukizi. Siku ya kwanza tulifundishwa kusalimiana kwa mkono wa kushoto, nami jioni nikampa bibi mkono huohuo. Alinikemea vikali, kwetu mtu mzima hapewi mkono wa kushoto. Nilipomweleza kuwa ndiyo salamu ya skauti dunia nzima, alinyamaza, kisha akauliza, "Na nini kingine wamekufunza?" Nikamfungia mzigo wake wa kuni kwa fundo nililojifunza. Haukulegea hadi jikoni.

Fundo lile nilifundishwa na mtu mzima aliyetoa Jumamosi zake bila malipo. Watu kama yeye ndio wanaotuadimikia. Watoto wenye skafu shingoni wapo, lakini mara nyingi kikosi kizima kinamtegemea mwalimu mmoja aliyechoka na vipindi vya wiki nzima. Akihamishwa, kikosi kinakufa.

Wewe muuguzi, unajua kufunga jeraha. Wewe mkulima, unajua kukuza miche. Mstaafu, una muda na subira. Nenda shule iliyo karibu nawe, umuulizie mwalimu wa skauti, umwambie ni saa ngapi unaweza kumpa. Ukitakiwa kuchunguzwa na kupewa mafunzo kwanza, kubali kwa moyo mmoja: watoto wa watu hawakabidhiwi yeyote tu. Na ukienda, beba kamba, mita mbili zatosha. Watakuuliza unajua fundo gani.