Baraza ya Kulia Nje: Thika na Ruiru Si Pwani

Familia nyingi za kwetu zilizohamia Thika na Ruiru kwa kazi na biashara hutuuliza juu ya baraza: sakafu ya zege nyuma ya nyumba, yenye paa, ambapo sinia litawekwa na jamaa wale pamoja. Shauri ni jema, ila wengi huanza kufikiria paa, ilhali kazi huanza ardhini.

Sisi tumezoea mchanga na jiwe la matumbawe, ambapo maji hushuka upesi. Huko kuna udongo mwekundu ulio tulivu, na kwingine, hasa tambarare zinazoelekea Juja, udongo mweusi ambao hufura ukinyeshewa na kupasuka wakati wa kiangazi. Zege likimwagwa juu yake hupasuka nao. Sharti uchimbwe na kuondolewa, pajazwe mawe na moramu, pashindiliwe, ndipo zege la inchi 4 lifuate: saruji kipimo 1, mchanga 2, kokoto 4. Kisha linyweshwe maji siku 7. Hapa ndipo fundi mwenye haraka hupenda kuruka. Mama wa nyumba asimruhusu, maana ndiye atakayebaki na nyufa.

Mvua za Machi hadi Mei si haba. Sakafu na iiname kuelekea nje ya nyumba, sentimita 2 kwa kila mita, na maji ya paa yaingie tangini. Katika kiwanja cha futi 50 kwa 100 jirani yu karibu mno. Mkiinamisha kwake, mmempelekea mafuriko uani mwake, na haki ya jirani mnaijua. Kibali cha Kaunti ya Kiambu nacho kiombwe mapema.

Ama stara, ukuta peke yake hautoshi Ruiru, kwa kuwa magorofa hutazama kutoka juu. Paa ndilo pazia. Lianzie mlango wa jikoni, ili wanawake wapakue na kula bila kujitanda kila dakika. Wako waliojenga mbele, karibu na geti, kwa ajili ya wageni. Wanaume hukaa humo, na waliopika hula jikoni wamesimama. Hiyo, kwa maoni yetu, si baraza ya familia.

Makuti twayapenda, lakini kuyasafirisha kutoka Pwani kila yachakaapo ni gharama. Mabati yenye dari ya mbao yatafaa. Upande mmoja uachwe wazi, moshi wa mkaa utoke. Upande wa upepo uzibwe, kwani Julai huko kahawa hupoa kabla tende hazijazunguka.