Wafanyabiashara wa Taveta na Holili, Chala na Jipe ni mali yetu pia

Kila Jumatano na Jumamosi soko la Taveta hufurika. Akina mama kutoka upande wa Tanzania huvuka na vitunguu na maharage, wenzao wa Taveta huwasubiri na ndizi na nyanya. Siku zisizo za soko tunaketi kwenye vibanda vya chai tukipiga hesabu ya gulio lijalo. Miaka yote hiyo ya kwenda na kurudi, ni wangapi kati yetu tuliowahi kupanda ukingo wa Ziwa Chala?

Chala iko kaskazini mwa mji wa Taveta, mwendo mfupi kwa bodaboda. Ni ziwa lililo ndani ya shimo la volkano, na mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati yake. Ukifika asubuhi kabla mawingu hayajaufunika mlima, unaiona Kilimanjaro mbele yako na maji chini yakibadilika kutoka buluu hadi kijani. Ila usiogelee. Kingo ni za mteremko mkali na mamba wamewahi kuua humo.

Siandiki haya kutangaza utalii. Naandika kwa sababu mtu hulinda anachokijua, na biashara yetu imekaa juu ya maji haya. Ndizi za Taveta hunyweshwa na chemchemi kama Njoro Kubwa, ambayo maji yake hutoka Kilimanjaro chini kwa chini. Mto Lumi hushuka kutoka mlima huohuo hadi Ziwa Jipe, nalo pia ni la nchi mbili. Kutoka Jipe maji huingia Mto Ruvu, hufika bwawa la Nyumba ya Mungu linalozalisha umeme, kisha hufuata Mto Pangani mpaka baharini.

Jipe haliko salama. Udongo unaosombwa kutoka mashambani umepunguza kina chake, na magugu yamefunika sehemu kubwa ya kingo, hata wavuvi hupenya kwa shida. Samaki wakipungua, mchuuzi wa Mwanga na wa Taveta wote hurudi nyumbani na ndoo tupu.

Wapo watakaosema mazingira ni kazi ya serikali, na muda wa mfanyabiashara ni fedha. Lakini tujiulize takataka za njiani hutoka wapi. Viroba vilivyochanika, kamba za nailoni na chupa hudondoka kutoka kwenye mizigo yetu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 28, 2017. Tanzania ikafuata Juni 1, 2019. Kwa karibu miaka miwili mfuko uliokuwa halali Holili ulikuwa kosa Taveta, na waliouvusha hawakuwa watalii.

Rwanda wana umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi maduka hufungwa, watu hufanya kazi za pamoja, kisha biashara huendelea. Kwetu Jumamosi ni siku ya soko, hivyo napendekeza Alhamisi moja kila mwezi, saa mbili hadi saa tano asubuhi. Vyama vya wafanyabiashara vya pande zote mbili vipange zamu: mwezi huu Chala, ujao Njoro, unaofuata Jipe.

Kazi zenyewe si ngumu. Kiangazi tuokote taka. Masika na vuli tupande miti. Tuwaulize kwanza watu wa jumuiya za watumia maji, maana wao wanajua mahali pa kupanda. Kando ya chemchemi mkuyu unafaa, mkaratusi haufai kwa kuwa hunywa maji mengi. Miche inunuliwe upande uleule itakapopandwa, kwani kuvusha mimea kunahitaji kibali. Kazi ikiisha, tule tulichobeba, watoto wacheze, tutazame ndege. Hayo ni mapumziko ambayo wengi wetu hatujajipa kwa muda mrefu.

Maofisa wa mpakani nao watusaidie. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 una sura nzima, ya 19, kuhusu ushirikiano katika kutunza mazingira. Kama utaratibu uliorahisishwa umewezesha mzigo usiozidi dola 2,000 kuvuka kwa urahisi, kikundi chenye vitambulisho na majembe nacho kisizungushwe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chemchemi ikikauka, shamba la ndizi litakauka nalo, na hakuna cheti cha forodha kitakacholirudisha. Viongozi wa vyama vyetu, tutajieni Alhamisi ya kwanza.