Mwandishi Ajichapishiaye na Riwaya za Wanawake

Mwandishi anayejichapishia riwaya huyajua mambo mawili kwa uchungu kuliko mtu mwingine yeyote: gharama ya kupiga chapa, na kimya kinachofuata kitabu kikishatoka. Mchapishaji mkubwa ana wauzaji na ana matangazo. Ajichapishiaye hana ila maboksi ya nakala chumbani mwake, na tumaini kwamba yuko mtu atakayesoma na kusema neno. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba hakuna anayepaswa kusoma na kuhakiki riwaya za wanawake kuliko yeye, kwa kuwa kimya anachokilalamikia ndicho kilichowafunika wanawake wengi walioshika kalamu.

Tuchukue mifano miwili ya hapa kwetu. Katika miaka ya 1970 David Maillu alianzisha Comb Books jijini Nairobi, akajichapishia vitabu kama vile My Dear Bottle (1973) na After 4.30 (1974). Viligombaniwa na wasomaji. Wahakiki walimshutumu kwa ukosefu wa haya, na Tanzania ikavipiga marufuku. Lakini shutuma nazo ni aina ya usomaji, na hadi leo hakuna mhadhiri wa fasihi pendwa anayeweza kumruka Maillu.

Mnamo mwaka 1982, mjini Kisumu, Asenath Bole Odaga naye alianzisha shirika lake la uchapishaji, Lake Publishers and Enterprises, akachapisha humo riwaya zake, miongoni mwazo The Shade Changes (1984), Between the Years (1987) na Riana (1991). Alifariki mwaka 2014. Walimu wengi wamjua kwa kile kitabu cha fasihi simulizi alichoandika na Kichamu Akivaga. Je, ni wangapi kati yetu waliosoma Riana, sembuse kuijadili darasani? Mmoja alitukanwa akakumbukwa. Mwingine hakutukanwa wala hakusifiwa. Aidha, ni Odaga huyu huyu aliyetoa mwaka 1985 kitabu cha uchambuzi wa fasihi ya watoto na vijana nchini Kenya. Alitunga, akachapisha, na bado akapata wasaa wa kupima kazi za wenziwe. Huo ndio mwenendo ninaoutetea.

Mimi ni mtu wa isimu, na siwezi kulipita neno bila kulipekua. Tunaposema "riwaya za wanawake", kile kihusishi za chabeba mizigo mitatu: riwaya zilizoandikwa na wanawake, riwaya zinazowahusu wanawake, na riwaya zinazokusudiwa kusomwa na wanawake. Wasemaji wengi huzichanganya maana hizi, na mara kitabu kilichoandikwa na mwanamke huhesabiwa kuwa kitabu cha kusomwa na wanawake peke yao. Mbona hatusemi "riwaya za wanaume"? Ni kwa sababu hizo tumezoea kuziita riwaya tu. Mhakiki mwangalifu hana budi kuufungua mzigo huo kabla ya kuupima.

Sasa natupe macho Rapsu, upande wa Kinna katika Kaunti ya Isiolo, mahali panapojulikana kwa kilimo cha umwagiliaji katikati ya nchi ya wafugaji. Msichana wa huko huongea Kiborana kwao, na shuleni hukutana na Kiswahili na Kiingereza. Vitabu teule vya Kiswahili vimemletea riwaya za wanawake: Chozi la Heri ya Assumpta Matei, kisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini twazisomaje? Tunazisoma kwa ajili ya mtihani, mwongozo mkononi, na maudhui yakiwa yameorodheshwa tayari. Mwanafunzi hufundishwa kujibu. Hafundishwi kutoa hukumu yake. Mtihani ukiisha, kitabu hufungwa. Atajuaje kwamba Zainab Burhani wa Zanzibar alitoa Mwisho wa Kosa mwaka 1987, ikiwa hakuna aliyemtajia? Na akiwa na hadithi yake mwenyewe, ya mfereji au ya malisho, ataamini vipi kwamba kuna atakayeisoma?

Najua pingamizi zitakazoletwa. Watasema ajichapishiaye atawasifu marafiki na kuwaponda washindani. Hatari hiyo ipo, na dawa yake ni kukiri wazi uhusiano alio nao na mtunzi, kisha kutoa ushahidi kutoka kitabuni. Watasema pia kwamba mwanamume hawezi kuhakiki kazi ya mwanamke. Kama ni hivyo, basi na mwanamke asihakiki ya mwanamume, na fasihi yote tuigawe kwa ukuta. La! Ninachokikataa ni kile kisifa cha huruma, "amejitahidi". Sifa ya namna hiyo ni dharau iliyovikwa kanzu. Msuko ukilegea, na isemwe. Lugha ikichacha, na ioneshwe ukurasa.

Walimu wengi nchini wameandika riwaya na kuzichapa kwa mshahara wao. Nawasihi: kabla hujaomba kitabu chako kihakikiwe, hakiki kwanza viwili vilivyotungwa na wanawake, kimoja kiwe cha mwandishi aliyejichapishia kama wewe. Mwalimu wa Rapsu, au wa shule yoyote iliyo mbali na maduka ya vitabu, hahitaji fedha nyingi. Nakala moja yaweza kupokezanwa na darasa zima, kila mwanafunzi akaandika ukurasa mmoja: kitabu chasema nini, chasemaje, na je, kimemshawishi? Kurasa hizo zisomwe kwa sauti, zibishaniwe, kisha zihifadhiwe maktabani, au kabatini pasipo na maktaba.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini mtunzaji hana budi kwanza kuketi na kuutazama mchezo. Vitabu vya mama na dada zetu vimekwisha kuandikwa. Vinangoja wasomaji watakaovibishia.