Eti bahari haibadilishwi maji?

Haya wanangu, leo nawakera kidogo. Kuna huu msemo umeingia kwa kila mwenye tangi la maji chumvi hapa kisiwani: kubadilisha maji kila wiki ni ushamba, kwani bahari nani huibadilisha? Halafu mtu anacheka kama kashinda kesi.

Yakhe, nenda kasimame bandari ya kale maji yakiwa yamejaa, kisha rudi baada ya saa sita hivi. Yale uliyoyaona yashaenda zake. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hapa inakaribia mita 4, na yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku. Matumbawe ya nje ya Nyali hayajawahi kukaa wiki nzima ndani ya maji yale yale. Wewe unataka samaki wa mwambani akae miezi kwenye lita 80, sebuleni, kando ya spika.

Najua hoja ilikotoka. Ujerumani kuna kampuni, Triton, ina utaratibu wa kuendesha tangi bila kubadilisha maji, na wapo wanaofanikiwa nao. Lakini soma mpaka chini. Unatuma maji maabara, madini yanapimwa moja moja, unatia yaliyopungua. Unakuwa na mashine ya kutoa uchafu kwa mapovu, na tangi la pili chini lenye mwani wa kula mbolea. Sisi tuna nini? Kipimo cha nitrati kilichobaki matone mawili, na stima ikipotea pampu inalala. Umechukua sentensi ya mwisho ya Mjerumani ukaacha kazi yote iliyoitangulia.

Sawa, timu ya "usibadilishe" wana pointi moja, siwanyimi. Nitrati ikipanda 5 kila wiki, na wewe unatoa asilimia 10 ya maji kila Jumapili, haishuki. Inapanda polepole mpaka karibu na 50, inakaa hapo, kwa sababu asilimia 10 ya 50 ni ile ile 5. Kwa hivyo anayelisha samaki kama analisha bwana harusi asitegemee ndoo. Apunguze chakula.

Ila nitrati ni ile unayoipima. Je, usiyoyapima? Matumbawe hujenga mifupa kwa kalsiamu, na maji ya bahari yana takriban miligramu 400 kwa lita. Ikiliwa, inaisha. Matumbawe laini nayo hutoa sumu kupigana na jirani zake, na kipimo chako cha matone hakitakwambia hilo. Ndoo ya maji mapya inapunguza usilolijua na kurudisha usilojua limepungua. Kwa tangi dogo, mimi sijaona dawa rahisi zaidi.

Na wa Nairobi wananunua chumvi ya ndoo! Sisi bahari iko mlangoni.

Lakini si maji yoyote. Mimi mwenyewe, kwa uvivu tu, nilichota chini ya Mji wa Kale asubuhi baada ya mvua kubwa. Mvua imepunguza chumvi, mifereji imemwaga kila kitu cha mjini. Kitatange wangu hakuiona Ijumaa. Chota siku kavu, maji yakikaribia kujaa, upande unaotazama bahari kuu, mbali na mifereji na maboti. Yaache yatulie kwenye ndoo yenye kifuniko, pima chumvi ifike 35 kwa elfu, joto lilingane na la tangi. Ndani ya mbuga ya baharini usiguse kitu, hata jiwe.

Kinachoniuma si pesa. Kitatange akifa tangini, kuna mpiga mbizi anarudi mwambani kumtoa mwengine. Mwamba wenyewe ndio huo uliopauka vibaya 1998 bahari ilipopata joto, na sehemu nyingi matumbawe yakafa. Halafu tunauongezea mzigo kwa sababu mtu kaona uzito kubeba mtungi mmoja wa lita 20?

Mkija kunijibu, msiniletee picha ya tangi la miezi mitatu linang'aa. Miezi mitatu kila tangi linang'aa. Nileteeni la mwaka wa tatu, bila kubadilisha maji, na samaki wale wale mlioanza nao.