Sarafu ya Kale na Jicho la Mwanafunzi

Mwalimu wa historia anapofika kwenye utawala wa Wajerumani, mara nyingi huandika miaka ubaoni, nao wanafunzi huinakili. Kwa maoni yetu, njia hiyo huuzoeza mkono kuandika lakini huliacha jicho limelala. Palipo na kitu cha kale, kitu hicho hakina budi kutangulia, na maelezo ya mwalimu yafuate.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Bukima aletaye darasani sarafu ya hela 20 ya mwaka 1916. Upande mmoja una taji, mwaka na herufi D.O.A.; upande wa pili una thamani yake na herufi T. Mwalimu asiharakishe kueleza. Aulize kwanza: mstari huu mwembamba unaokatiza taji, je, umeinuka au umezama?

Swali hilo dogo ndilo kiini cha somo. Mstari uliozama ni mkwaruzo, nao ulipatikana baada ya sarafu kutengenezwa. Mstari ulioinuka hutokana na ufa uliokuwamo katika muhuri wa chuma uliopigia chapa sarafu hiyo, kwa kuwa shaba ilisukumwa ikaujaza ufa. Asiyesadiki na achonge mfereji katika kipande cha ubao, akikandamize juu ya udongo wa mfinyanzi, kisha autazame udongo.

Hapo wanafunzi wenyewe watauliza kwa nini muhuri ulipasuka. Sasa mwalimu ana la kueleza. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Waingereza ziliziba njia ya bahari, na sarafu hazikuweza tena kuletwa kutoka Ujerumani kama zilivyoletwa rupia za fedha. Kwa hiyo mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza sarafu Tabora, katika karakana ya reli, kwa shaba ya manjano na shaba nyekundu. Herufi T ni ya Tabora. Mihuri haikuwa mmoja, wala haikulingana. Ndiyo maana taji ni kubwa katika baadhi ya sarafu na dogo katika nyingine. Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yaliutwaa mji huo.

Wako watakaosema kwamba muda hautoshi na mtihani unasubiri. Twawajibu kwamba mtoto aliyeugusa ufa huo kwa kidole hatausahau mwaka 1916. Zaidi ya hayo, aliyezoea kuchunguza kabla ya kusadiki hatadanganywa kwa urahisi na wale wanaouza hadithi za utajiri wa hela za Mjerumani.

Tunasisitiza mambo mawili. Sarafu isisuguliwe kwa mchanga wala majivu ili ing'ae, kwani kusugua huongeza mikwaruzo na kufuta ushahidi. Pia, sarafu ni mali ya wazee wa mtoto: irudi nyumbani siku ile ile.